Mapishi Yapo, Jiko Liko Wapi?

Waraka wa RaDVaC unasomeka kama mapishi. Sisemi hivi kwa dharau, maana waandishi wenyewe wanataka usomeke hivyo. Kuna viungo, kuna vipimo, kuna maelezo ya nini kitangulie na nini kifuate, na kuna ile sauti tulivu ya mtu anayekwambia usiogope, hata wewe unaweza. Tofauti ni kwamba ukimaliza kupika hupakui kwa sahani. Unanyunyiza puani.

Kama 2020 ulikuwa umebanwa na mambo yako, mambo ni haya. RaDVaC ni kikundi kilichoanzishwa Machi mwaka huo na Preston Estep, mwanasayansi wa jenetiki wa eneo la Boston, Marekani, pamoja na wenzake kadhaa. Hawakutaka kungoja kampuni wala serikali. Walipitia makala za kisayansi zilizokuwa zikimiminika kila siku, wakachagua vipande vya protini za kirusi cha korona, wakaviagiza, wakachanganya, wakajipa. Kisha wakaandika kila hatua na kuiweka wazi, yeyote aichukue bila kulipa. Habari ilipotoka kwenye jarida la MIT Technology Review Julai 2020, watu wasiopungua 20 walikuwa wameshajinyunyizia. Mmoja wao alikuwa George Church, profesa wa Harvard, jina zito kabisa kwenye jenetiki. Viungo vyake vililetwa kwa posta, akachanganya mwenyewe.

Nimeusoma waraka huu kama ninavyosoma kazi yoyote ya maandishi, kwa sababu ni maandishi kabla ya kuwa dawa. Hakuna duka la dawa lililouza chanjo ya RaDVaC. Kilichosambazwa ni maneno. Kwa hivyo maswali ya mhakiki yana nafasi hapa: nani anasema, anamwambia nani, na ni nini kimeachwa nje ya ukurasa ili hadithi iende sawa.

Nianze na raha yake, kwa maana ipo. Waraka unaeleza vizuri kitu ambacho kampuni kubwa za dawa hazikuwahi kutueleza kwa upole. Huhitaji kirusi kizima ili kuufundisha mwili kukitambua. Vipande vifupi vya protini yake, peptidi, vinaweza kutosha, kama vile unavyomtambua jirani kwa kikohozi chake tu kabla hajapiga kona. Shida ni kwamba peptidi zikiwa peke yake ni dhaifu, mwili unazipuuza. Ndipo inaingia kitosani, kitu kinachotokana na maganda ya kamba na kaa wa baharini, yale yale yanayorundikana nyuma ya mikahawa ya pwani. Kitosani ina chaji chanya. Ukiidondoshea chumvi fulani ya fosfeti yenye chaji hasi huku unakoroga, vinatokea vidonge vidogo mno visivyoonekana kwa macho, vimebeba peptidi ndani. Kitosani hunata kwenye ute wa pua. Na pua ndiyo mlango ambao kirusi hupenda kupitia, kwa hivyo ukimweka askari mlangoni, si ni akili?

Hapo nilijikuta natabasamu. Ni wazo zuri na limeandikwa na watu wanaolipenda. Waraka haukuandikwa mara moja ukaachwa. Ulirekebishwa toleo baada ya toleo, viungo vikibadilishwa kadiri habari mpya zilivyopatikana, kama wanavyofanya waandishi wa programu za chanzo huria. Sisi hapa Nairobi hatuhitaji kufundishwa utamu wa jambo hilo. Ushahidi ilizaliwa hapa, katika fujo za baada ya uchaguzi, mwanzoni mwa 2008, na kwa kuwa msimbo wake ulikuwa wazi ilienda kutumika Haiti baada ya tetemeko la 2010. Kitu kilichotengenezwa na watu wachache wenye hasira na laptopu kiliwafaa watu ambao hawakuwahi kukutana nao. Ukishaona hilo likitokea, ni vigumu kumcheka mtu anayesema hata chanjo iwe hivyo.

Tena kumbuka ni nini kilichokuwa upande wa pili. Mikataba ya kununua chanjo ilikuwa siri. Oktoba 2020 India na Afrika Kusini ziliomba Shirika la Biashara Duniani lilegeze sheria za hataza kwa muda wa janga, Kenya ikaunga mkono, na uamuzi wowote wa maana haukuja hadi Juni 2022, tena ukiwa umepunguzwa makali. Dozi zetu za kwanza, zaidi ya milioni 1 za AstraZeneca, zilitua JKIA mwanzoni mwa Machi 2021. Kabla ya mwezi kwisha India ilizuia chanjo kutoka nchini mwake, na waliopata dozi ya kwanza wakabaki wanahesabu wiki. Shangazi yangu alirudi mara tatu kwenye kituo alichochanjwa, mara tatu akaambiwa arudi Jumatatu. Mtu aliyewekwa hivyo akisikia kuna wasee Boston wamemwaga siri yote hadharani, atauliza tu: kwani sisi tunangoja nini?

Swali hilo ndilo linalonifanya nisiusome waraka huu kwa upole tu.

Tumtazame huyo "wewe" anayezungumziwa kwenye mapishi. Ni nani? Ana mahali pa kuagiza peptidi zilizotengenezwa kwa oda, na kampuni itakayokubali kumtumia. Ana mizani ya kupima miligramu, ana kikorogeo cha sumaku, ana jokofu ambalo umeme wake haukatiki katikati ya usiku. Anajua kusoma cheti cha usafi wa kemikali na kujua kama kinadanganya. Ana rafiki mwenye maabara. Ana daktari wa kumpigia simu pua ikivimba, na bima ya kumlipa daktari huyo. Juu ya yote ana jina ambalo polisi hawataligusa. Waraka unasema ni wa kila mtu, na mlango umeachwa wazi kweli kweli, lakini mlango wenyewe uko ghorofa ya kumi na lifti inafunguka kwa kadi.

Waandishi wanajua. Wamekutaka uwe mtu mzima na ukubali kwamba lolote litakalokupata ni juu yako. Hoja yao ya kisheria ilikuwa kwamba hawauzi na hawamchanji mtu, kila mmoja anajichanganyia na kujipa. Ni ujanja mzuri wa sheria, lakini kama fasihi unabadilisha msimulizi. Sauti iliyokuwa ikisema "sisi" kurasa zote, sisi tunaoshirikiana, sisi tusiongoje, ghafla inasema "wewe" palipo na hatari. Raha ni yetu sote, ila jeraha ni lako peke yako. Ukiwa umewahi kusoma fomu ya mkopo wa simu unaijua sarufi hiyo.

Sasa nije kwa jambo ambalo msomaji wa huku hawezi kulikwepa. Sisi tuna historia ndefu na watu waliotuambia dawa imepatikana. Mwaka 1990 Rais Moi alitangaza Kemron, dawa ya UKIMWI iliyotoka KEMRI, taasisi yetu wenyewe, na nchi ikajaa fahari. Uchunguzi uliofuata haukuiona ile faida iliyodaiwa. Mwaka 2011 Wakenya wengi tu walivuka mpaka kwenda Loliondo kunywa kikombe cha Babu, Ambilikile Mwasapila, kwa shilingi 500 za Tanzania. Aprili 2020 rais wa Madagascar alisimama mbele ya kamera akanywa chupa ya dawa ya mitishamba ya korona. Tuliambiwa hayo ni mambo ya Afrika, ya watu wasioelewa sayansi. Miezi mitatu baadaye profesa wa Harvard ananyunyiza puani mchanganyiko ambao haujajaribiwa, na magazeti yanatafuta jina zuri: mwanasayansi raia.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo, kusema kumbe ni yale yale, tofauti ni rangi ya koti. Nimeona watu wakisema hivyo mtandaoni na wakapigiwa makofi. Lakini si kweli, na inafaa kusema kwa nini. Kikombe cha Babu kilitakiwa kitoke mkononi mwa Babu. Mti uliochemshwa ulijulikana, hata wewe ungeuchimba na kuuchemsha, lakini waumini walisema bila mkono wake haufanyi kazi. Maana yake hakuna ambaye angeweza kuonyesha kwamba haufanyi kazi. Waraka wa RaDVaC umefanya kinyume. Umemwondoa mtu na kuacha maelezo, na mtu yeyote mwenye maabara anaweza kuyafuata na kurudi na jibu: ndiyo, au hapana. Kujiweka mahali ambapo unaweza kupatikana umekosea ni heshima kubwa katika sayansi, na watu hawa walijiweka hapo.

Ila kuwa mahali pa kupimwa si sawa na kupimwa. Watu 20 waliojinyunyizia hawawezi kukwambia chochote kuhusu kama chanjo inakinga. Church mwenyewe alisimulia kwamba hakuwa ametoka nyumbani kwake kwa miezi. Sasa asipougua, tuishukuru chanjo au tuushukuru mlango? Novemba 2020 Pfizer ilipotoa matokeo yake, ilikuwa na watu zaidi ya 43,000, nusu wakiwa wamepewa maji ya chumvi bila kujua. Waliougua walikuwa 170: 162 upande wa maji ya chumvi, 8 upande wa chanjo. Hizo namba mbili, 162 na 8, ndizo chanjo. Kilichomo kwenye kichupa ni nusu ya hadithi tu. Na namba hizo haziwezi kupakuliwa kutoka popote. Zinahitaji maelfu ya watu waliokubali kutojua wamepewa nini, na wahudumu wa kuwapigia simu kwa miezi.

Waraka unajua kueleza kitosani. Kuhusu watu hao maelfu hauna la kusema, na sidhani ni kwa uvivu. Mapishi hayana mahali pa kuwaweka. Umbo lenyewe la maandishi limewatoa nje.

Kuna kisa kingine ambacho kila anayeandika kuhusu chanjo huria angepaswa kukibandika ukutani. Jonas Salk, aliyetengeneza chanjo ya polio, hupendwa sana na watu wa chanzo huria. Alijidunga yeye na familia yake kabla ya jaribio kubwa la 1954, na 1955 alipoulizwa kwenye televisheni nani anamiliki hataza, alijibu kwamba ni watu, kisha akauliza kama jua nalo lina hataza. Jibu tamu, linarudiwa kila mahali. Kinachorudiwa kidogo ni kilichotokea wiki chache tu baada ya siku hiyo. Kampuni kadhaa zilikuwa zikitengeneza chanjo hiyo kwa njia ya Salk. Zile za Cutter, California, baadhi zilitoka na kirusi hai ndani, hakikuuliwa sawasawa. Watoto 40,000 walipata polio ya namna nyepesi, 200 hivi wakapooza, 10 wakafa. Yote hayo chini ya leseni ya serikali, katika kiwanda, na wataalamu wa kulipwa. Njia ya kupika ilikuwa moja. Jiko ndilo lililotofautiana.

Tuwe wa haki: peptidi si kirusi, haiwezi kumpooza mtu namna ile, na hiyo ni moja ya sababu waliichagua. Lakini swali la jiko liko pale pale. Peptidi chafu, kemikali yenye bakteria, kipimo kilichokosewa kwa nukta moja ya desimali, nani atajua? Kampuni ikikosea kuna kundi la chupa lenye namba, unaweza kuliita lirudi. Majiko 500 ya nyumbani hayana namba. Tena palipo na mapishi hapakosi duka: mwaka huo huo wa 2020, katika jimbo la Washington, kulikuwa na mtu aliyekuwa akiuza chanjo yake mwenyewe ya korona kwa dola 400, mpaka mwanasheria mkuu wa jimbo akampeleka mahakamani. Hakuwa wa RaDVaC. Lakini wazia waraka huu ukitafsiriwa vizuri na kuangukia mikononi mwa wale wanaotuuzia dawa za kuongeza nguvu kwenye stendi za matatu.

Kitu kinachoniuma zaidi, hata hivyo, ni hilo jina lenyewe, mwanasayansi raia. Ningependa kujua linagawiwaje.

Katika mtaa wa Majengo, Pumwani, kuna kliniki ambayo tangu katikati ya miaka ya 1980 imefuatilia afya ya wanawake wanaofanya biashara ya ngono. Iliendeshwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Manitoba, Kanada. Wanawake walikuwa wakija, wakitoa damu, wakijibu maswali yaleyale mwaka baada ya mwaka. Ikagunduliwa kwamba baadhi yao, licha ya kukutana na VVU mara nyingi kuliko hesabu, hawakuambukizwa. Damu yao ilionyesha chembe za kinga zinazokitambua kirusi. Baadaye ikaonekana jambo la kutisha: baadhi ya waliopumzika kazi hiyo kwa muda kisha wakairudia ndio walioambukizwa, kana kwamba kinga ilihitaji kukumbushwa. Kutokana na maarifa hayo, watafiti wa Oxford na wa Nairobi walibuni chanjo iliyolenga aina ya VVU iliyoenea zaidi Kenya, na mwaka 2001 ikaanza kujaribiwa kwa watu hapa Nairobi. Kabla ya hapo, mwaka 2000, kulizuka zogo: hataza ilikuwa imeombwa Uingereza, na wanasayansi wa Kenya wamesahaulika kwenye karatasi. Kelele zikapigwa, makubaliano yakatafutwa. Miaka michache baadaye chanjo yenyewe ikaachwa kwa kuwa haikuamsha kinga ya kutosha.

Katika zogo lile, kila upande ulikuwa na profesa wake. Wanawake wa Majengo hawakuwa upande wowote. Walikuwa data. Walitoa miili yao miaka mingi kuliko ile ambayo RaDVaC imekuwepo, walivumilia sindano, walileta wenzao, walikuwa na maarifa yao kuhusu nani anaugua na lini. Hakuna gazeti lililowaita wanasayansi raia. Mtu wa Boston akijinyunyizia mara mbili puani, jina linamngoja mlangoni.

Simlaumu Estep kwa hilo, hakuwa Majengo. Ninaulaumu msamiati ambao waraka wake umeukubali bila kuuliza. Uraia huu wa sayansi unatolewa kwa anayejua kusoma mapishi. Anayetoa damu ili mapishi yaandikwe ni mgeni.

Kuna maandishi mengine ya kipindi kile ambayo ningeyapendekeza yasomwe kando ya waraka huu, maana yanaelewa uwazi kwa namna nyingine. Hospitali ya watoto ya Texas, chini ya Peter Hotez na Maria Elena Bottazzi, ilitengeneza chanjo kwa kutumia chembe za hamira, njia ya zamani inayotumika kwenye chanjo ya hepatitisi B, na haikuchukua hataza. Lakini haikuishia kwenye kuweka faili mtandaoni. Iliwapa Biological E ya Hyderabad chembe zenyewe na ujuzi wa kuzitunza, wao wakafanya majaribio kwa watu zaidi ya 3,000, na Desemba 2021 India ikaidhinisha. Ni hadithi isiyo na shujaa anayejichoma mwenyewe, ndiyo maana haisimuliwi sana. Imejaa mikutano.

Na Cape Town kuna Afrigen. Shirika la Afya Duniani liliichagua 2021 iwe kituo cha kufundisha Afrika na wengine kutengeneza chanjo za mRNA. Wenye teknolojia hawakukubali kuja kufundisha. Kwa hivyo vijana wa pale walitumia kilichokuwa wazi. Watafiti wa Stanford walikuwa wamesoma mfuatano wa mRNA wa chanjo za Pfizer na Moderna kutoka kwa masalio ya chupa zilizokwisha tumika, matone ya mwisho ambayo yangetupwa, wakauweka mtandaoni. Mapema 2022 Afrigen ilitangaza kuwa imetengeneza toleo lake la chanjo ya Moderna kwa kiwango cha maabara. Hapa ndipo maandishi huria yalipokutana na jiko, na hata hivyo haikuwa rahisi, na kutoka maabara hadi bega la mtu kulibaki kuwa mbali. Huku kwetu, mwezi uleule wa Machi 2022 ambapo watu walikuwa bado wanashangilia habari hiyo, Moderna yenyewe ilitangaza kiwanda cha dola milioni 500 Kenya. Aprili 2024 ikasema imesimamisha mpango, soko la chanjo ya korona Afrika limeporomoka.

Waraka wa RaDVaC nitaendelea kuuweka kwenye simu yangu. Unafundisha vizuri, na ukarimu wake haukuwa wa kuigiza. Ila ungetoka katika toleo jingine, ningetafuta kwanza sura ambayo haimo: inayoeleza anayechanganya dozi yake ya tatu Kayole, usiku, pua ikimuwasha na macho yakimvimba, ampigie nani simu, na nani ataandika kwamba ilimtokea.